Mama anatoka usiku na watu wameanza kumwita mwanga (mchawi): tumfungie mlango au tumhamishie Unguja?

Bint Wete (muulizaji)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba radhi kwa maelezo marefu, lakini jambo hili nimelibeba kifuani kwa muda, na sasa limefika pahala ambapo sisi watoto tunatakiwa kukata shauri.

Mama yetu mzazi ana umri wa miaka 76. Anaishi nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba, katika nyumba aliyojengewa na marehemu baba, pamoja nami, mdogo wangu wa kiume na mkewe. Kaka yetu mkubwa yuko Unguja, Tomondo, na dada yetu yuko Fuoni. Mambo yalianza kidogo kidogo, kiasi cha miaka minne iliyopita. Kwanza alikuwa akitia chumvi mara mbili katika chungu kimoja. Kisha akawa anatuhimiza tuanue karafuu kwa kuwa mvua inakuja, ilhali msimu haujaanza na majamvi yamekunjwa ndani. Mwaka jana akaanza kuuliza kwa nini baba hajarudi kutoka msikitini. Baba amefariki mwaka 2009. Kila nilipomwambia hivyo alilia kama mtu aliyepokea taazia kwa mara ya kwanza, na kesho yake, baada ya sala ya Alasiri, aliuliza tena.

Lililotufikisha hapa ni kutoka nyumbani. Tangu Ramadhani iliyopita, jua likikaribia kuzama huingiwa na fazaa, hujitanda kanga yake vizuri na kusema, "Nakwenda kwetu, giza linaingia." Kwao anakokusudia ni nyumba aliyozaliwa, ambayo ilivunjwa zamani na pahala pake sasa ni shamba la muhogo. Mara mbili tumemkuta huko usiku, amesimama katikati ya mihogo, ameshika ufunguo wa mlango ambao haupo tena. Mara ya pili waliomwona kwanza ni vijana waliokuwa wakitoka kutazama mpira, na nyinyi nyote mnajua kwetu sisi mtu mzima anayeonekana amesimama peke yake usiku katika shamba la watu huitwa nani. Wiki ile ile mtoto wa jirani alimwita mama "mwanga" mbele yangu, na mama akacheka, kwa sababu hakuelewa kuwa ni yeye anayeambiwa.

Tangu hapo tunautia kufuli mlango wa mbele ifikapo Magharibi. Usiku wa tatu aliupiga mlango kwa viganja mpaka vikavimba, nami nimesimama nyuma yake, ufunguo umo mkononi mwangu.

Kaka amependekeza tumchukue Unguja na kumzungusha kwa zamu, miezi miwili kwa kila mtoto, ili mzigo usimwelemee mmoja. Mke wa mdogo wangu, ambaye ndiye anayemwogesha na kumfulia wakati mimi nipo skuli nasomesha, amechoka na amelisema hilo waziwazi, na mimi simlaumu. Majirani wengine wanasema ni pepo, wengine wanasema ni uzee tu. Wale waliokuwa wakipita kila siku kumjulia hali wamepungua. Aidha, nimegundua kuwa jamaa mmoja amemtia mama dole gumba katika karatasi inayohusu mikarafuu yake.

Ninauliza: je, huu ni uzee au ni maradhi? Na kama ni maradhi, ni lipi lenye madhara madogo zaidi kwake, kufuli au safari ya Unguja?

Muuguzi Mstaafu, Chake Chake

Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Pole sana, na Mwenyezi Mungu akulipe kwa subira yako.

Naomba kwanza neno "uzee tu" liwekwe kando. Mzee wa kawaida husahau alipoweka miwani yake, akaikumbuka baadaye. Kusahau kuwa mume amekufa, kupotea katika njia aliyoipita maisha yake yote na kupoteza mpangilio wa kazi kama kupika ni dalili za maradhi ya ubongo ambayo wataalamu huyaita dimenshia. Dimenshia ni jina la hali, nayo inaletwa na maradhi kadhaa. Linaloongoza ni lile lililopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, ambalo huchukua kiasi cha asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Mwanamke ambaye ubongo wake daktari huyo aliuchunguza mwaka 1906 alifariki akiwa na miaka 55 tu, jambo ambalo peke yake linatosha kuonesha kuwa umri si maelezo kamili. Aina nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hapa kwetu, ambako watu wengi wanaishi na presha bila ya kuipima, aina hiyo haipaswi kusahauliwa.

Msidhani kuwa nyumba yenu imeteuliwa peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Huko Tanzania Bara, utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi wanayo. Maana yake ni kuwa katika shehia (mtaa au kijiji) yoyote yenye wazee wengi kuna nyumba nyingine kama yenu, ila mlango wake umefungwa na wenyewe wamenyamaza.

Pili, mpelekeni hospitali hata kama mmeshaambiwa kuwa maradhi haya hayana dawa ya kuyaponya. Ni kweli hayana, lakini yapo mambo yanayofanana nayo au yanayoyazidisha, na hayo yanatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, huzuni kubwa iliyomkaa mtu moyoni, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, uchafu katika mkojo, na hata vidonge vya mafua na mzio vinavyonunuliwa dukani na kumezwa kila usiku ili kuleta usingizi. Mwambieni daktari amtazame masikio na macho. Nimeona wazee walioitwa wendawazimu kumbe masikio yameziba na macho yana mtoto wa jicho. Na siku yoyote akibadilika ghafla, kwa muda wa siku moja au mbili, akawa hamtambui mtu au amelala muda wote, hiyo ni dharura ya siku ile ile, msiseme "ndiyo maradhi yake."

Chukua daftari na uandike kwa tarehe: lini chumvi, lini alianza kumuuliza baba, lini alitoka mara ya kwanza. Daktari atajifunza zaidi kutoka katika daftari hilo kuliko katika dakika kumi za kumtazama.

Neno moja kuhusu dawa za kutuliza, kwa sababu mtashauriwa. Zinaweza kumnyamazisha, lakini kwa mzee mwenye maradhi haya zinaongeza hatari ya kiharusi na ya kifo, kwa hiyo zisinunuliwe kwa shauri la jirani. Ama kisomo, someni, kwani Kurani ni utulivu kwake na kwenu. Ninachokipinga ni mganga anayefukiza moshi hadi mgonjwa akakosa pumzi, anayempiga ili pepo atoke, au anayetaja jina la jirani kuwa ndiye aliyemchezea.

Mtoto wa Mvuvi, Jang'ombe

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu hilo la zamu ndilo kosa tulilolifanya sisi.

Baba yetu alikuwa mvuvi wa Mkokotoni. Alipoanza kupotewa na kumbukumbu tulimleta mjini na kumzungusha katika nyumba tatu, mwezi mmoja kila mtoto, tukiamini kuwa tunafanya uadilifu. Uadilifu ule ulikuwa baina yetu sisi, yeye hakuwamo. Kila alipoanza kujua mlango wa choo uko upande gani, mwezi ulikwisha akahamishwa. Katika zamu ya pili akaanza kujikojolea, na tukasema maradhi yamezidi. Haikuwa hivyo. Alikuwa anauhisi mkojo vizuri kabisa, isipokuwa usiku hakuweza kuupata mlango. Mke wangu ndiye aliyetambua, akaacha taa ya choo inawaka na mlango uko wazi, na kwa wiki nzima hakukuwa na shuka la kufua.

Jambo jingine ambalo hatukulielewa ni kuamka kwake. Saa tisa za usiku alikuwa anakaa kitandani na kuuliza, "Maji yanajaa au yanatoka?" Mwanzo tulikuwa tukimjibu, "Baba, hapa ni mjini, huvui tena." Akighadhibika, tukighadhibika naye, na nyumba nzima ikaamka. Baadaye mdogo wangu akaanza kumjibu swali lake kama lilivyo. Alitafuta tarehe ya mwezi, akajua lini ni bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na lini ni maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, na baba akiuliza humwambia, "Baba, leo siku ya nane ya mwezi mwandamo, maji mafu." Baba husema, "Basi hakuendwi," na hulala. Hakukuwa na hata neno moja la uongo ndani yake. Mtu aliyeyasoma maji kwa miaka 50 alikuwa anataka ajibiwe na mtu anayeyajua maji.

Mwishowe tulimrejesha Mkokotoni. Sisemi kwamba alipona, maana alizidi kusahau, na mwaka wa mwisho hakulijua jina langu. Lakini kule alikuwa na baraza yake. Wenzake walimwamkia, walimpa nyavu zilizotoboka akazishona, kwani vidole vyake vilikumbuka fundo ambalo kichwa chake kisingeweza kulieleza. Akipotea njia, mtoto yeyote alijua amrejeshe nyumba gani. Mjini, mtu aliyemkuta amesimama barabarani alimwona mzee asiyemjua tu.

Kwa hiyo, ikiwa mnaweza, asizunguke mama, mzunguke nyinyi.

Mkaazi wa Mpendae

Ninaheshimu aliyoyasema mwenzangu hapo juu, ila naomba isije ikaonekana kuwa kila anayemhamisha mzazi amemdhulumu. Mama yangu tulimtoa Pemba kwa sababu nyumbani alibakia na mjukuu wa miaka 14, ambaye alikuwa anakosa skuli ili amlinde bibi yake. Tulimleta katika nyumba moja na hatukumhamisha tena. Tulikuja na kitanda chake, chungu chake cha ubani na mkeka wake wa kusalia, na mama mdogo akaja akakaa naye mwezi wa mwanzo. Alisumbuka wiki chache, kisha akatulia. Nadhani kilichomuumiza baba wa mwenzetu ni kuhamishwahamishwa, zaidi ya mji wenyewe.

Nina suala pia. Kumjibu mgonjwa kwa kufuata mawazo yake, je, si kumdanganya mzazi? Mimi kila mama anapomuuliza marehemu dada yake hukosa la kusema.

Aliyekuwa Afisa Ustawi, Unguja

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii na nimeingia katika nyumba nyingi za namna hii. Ndugu Bint Wete, katika maelezo yako yote, kilichonishtua zaidi ni lile neno aliloitwa mama, na wale majirani waliopungua. Hamuwezi kuzuia kusahau kwake. Neno na majirani mnaweza kuyafanyia kazi.

Yupo mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, Tom Kitwood, aliyefariki mwaka 1998, ambaye alikaa na wagonjwa hawa na kutazama kwa makini namna wanavyotendewa. Hoja yake ilikuwa kwamba hali ya mgonjwa tunayoiona haitokani na ubongo peke yake. Sehemu yake inatengenezwa na sisi tulio karibu: tunapozungumza juu yake kana kwamba hayupo, tunapomharakisha, tunapomnyang'anya kijiko kwa kuwa anachelewa, tunapomcheka, tunapomtisha. Watendaji wa mambo hayo mara nyingi ni watu wema waliochoka. Kwake yeye, utu wa mtu si kumbukumbu zake, bali ni nafasi anayopewa na wenzake. Waswahili tuna neno letu la zamani, mtu ni watu, na sijui maradhi mengine yanayolifanya neno hilo kuwa kweli waziwazi kiasi hiki.

Kwa ndugu wa Mpendae: Kitwood huyo huyo aliuhesabu udanganyifu unaotumiwa kumtawala mgonjwa kuwa ni miongoni mwa madhara, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi. Lakini kuna njia kati ya uongo na ukweli unaochoma kama msumari wa moto. Mama akimuuliza dada yake, muulize naye, "Umemkumbuka leo? Alikuwa akipenda nini?" Hujasema kuwa yupo hai wala hujamfisha tena mbele yake. Katika Suratul Israa, aya ya 23, tumeamrishwa kusema na wazazi kauli ya heshima wanapofikia uzee, na tusiwaambie hata "ah!" Ninaamini kumpa mtu taazia ile ile kila Alasiri ni kumtia uchungu usio na faida.

Sasa kuhusu kufuli. Mbali na kwamba moto ukizuka hamtaweza kumtoa upesi, kufungiwa kunazidisha ile ile fazaa mnayoikimbia. Fazaa ya machweo ni jambo linalojulikana katika maradhi haya. Washeni taa kabla jua halijazama, na saa kumi na moja za jioni, kabla hajaanza kuhangaika, tembeeni naye. Mpelekeni huko huko anakotaka, mwambieni mwenye shamba, asimame, aone, arudi. Mlangoni tundikeni kengele au hata vifuniko vya chupa vinavyogongana, ili akifungua mumsikie. Katika pindo la kanga zake shoneni kitambaa chenye namba ya simu.

Kisha nenda kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, nenda kwa imamu wa msikiti wenu, nenda madrasa, na useme kwa mdomo wako kuwa mama ni mgonjwa na maradhi yake yanaitwa hivi. Najua aibu iliyopo, na najua wanaosema kuwa siri ya nyumba haitoki nje. Lakini msipoyapa jina nyinyi, watu watayapa lao, na wameshaanza. Wale vijana wa mpira waambie wasimshike kwa nguvu wala wasimuulize "unafanya nini hapa?", bali wamwamkie, waseme "mama, tunakusindikiza," na wageuke naye taratibu. Wakishajua hivyo watakuwa walinzi wazuri kuliko kufuli lolote linalouzwa katika soko la Darajani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na fikra iliyomo humo ni hiyo hiyo: vizuizi vinavyowekwa na jamii ni sehemu ya ulemavu wenyewe, kwa hiyo jamii inaweza kuviondoa.

Mwisho, mke wa mdogo wako. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya saa za kuwatunza wagonjwa hawa duniani hutolewa na wanawake. Katika mazungumzo ya familia, huwa wanaume wanaamua mgonjwa akae wapi, na mkazamwana ambaye hakuulizwa ndiye anayefua. Muulizeni yeye kwanza. Apangiwe siku zake za kupumzika, na zijulikane. Pahala kama Welezo na Sebleni kwa Unguja, au Limbani kwa Wete, ni makaazi ya wazee waliokosa wa kuwatunza, na mama yenu hajafika huko. Lakini nyumba yenye mtunzaji mmoja asiyepumzika humaliza watu wawili.

Msaidizi wa Sheria, Micheweni

Ninaongeza juu ya ile karatasi tu.

Kwanza isomeni vizuri. Hapa Zanzibar mtu anaweza kumiliki miti bila ya kumiliki ardhi iliyo chini yake, kwa hiyo lazima ijulikane kama karatasi inahusu mikarafuu yenyewe, mavuno ya msimu mmoja, au shamba. Mauziano na zawadi huhitaji akili na hiari, katika fiqhi na katika sheria za serikali pia. Barua ya daktari yenye tarehe, pamoja na lile daftari alilolitaja muuguzi, vitaonesha hali ya mama ilikuwaje wakati dole lilipotiwa. Muiteni huyo jamaa mbele ya wakubwa wa ukoo, sheha akiwa shahidi, kabla ya kufika mahakamani. Wengi hurudisha haki pale wanapoona kuwa watoto wamekuwa macho. Kuanzia sasa asitie dole pahala popote peke yake.

Pensheni jamii nayo, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na ikaja ikaongezwa, ijulikane na ndugu wote nani anaichukua na inatumika katika nini. Nimeona ndugu wakitengana kwa fedha ndogo kuliko hiyo.

Hata hivyo, msimchukulie kuwa hawezi kuamua lolote. Asiyeweza kuuza shamba bado anaweza kuchagua kanga yake, chakula chake na nani amwogeshe. Haki hizo muachieni.

Bint Wete (muulizaji)

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na habari.

Tulimpeleka hospitali. Presha yake ilikuwa juu sana na hakuna aliyejua, na sikio la kushoto lilikuwa limeziba kwa nta kabisa. Baada ya kusafishwa anajibu zaidi anaposemeshwa, na nimetambua kwa majuto kuwa mara nyingi tulipodhani hajaelewa, hakuwa amesikia. Daktari alilisoma daftari lote. Ametuambia kwa upole kuwa ni dimenshia na kuwa haitarudi nyuma.

Kufuli tumeliondoa. Mdogo wangu ametundika kengele. Saa kumi na moja za jioni ninatoka naye hadi kule kwenye mihogo, na mwenye shamba, Mungu amjaalie, ametuachia kijia. Mama husimama pale, huamkia kama aliyefika kwa watu, "Hodi jamani," kisha hunigeukia na kusema hawapo, tutarudi kesho. Siku nyingine bado hutoka usiku. Juzi alirudishwa na wale vijana, mmoja kamshikia kandili, mwingine anamjibu maswali yake kuhusu karafuu.

Kuhusu Unguja, kaka aliposoma maneno ya mtoto wa mvuvi alinyamaza simuni kwa muda, kisha akasema atakuja yeye siku kumi katika kila miezi miwili, na dada atakuja wakati wa likizo. Wifi yangu alipoulizwa anataka nini, hakutaka kuondoka hata kidogo. Alitaka Ijumaa na Jumamosi ziwe zake, akalale kwao Konde. Wiki hii amekwenda.

Jirani yetu mmoja amechuma karafuu, na usiku alikuja kumwomba mama akae naye jamvini wachambue. Nilihofia, lakini nilimwachia. Mama alikaa saa nzima, konyo huku, karafuu huku, bila ya kutazama, na binti wa jirani alipochanganya, mama alimshika mkono na kumwonesha. Alikuwa akimwita kwa jina la dada yangu.

Baada ya Alasiri ya leo aliuliza tena kwa nini baba hajarudi. Nilimuuliza baba akirudi msikitini hupenda kula nini. Akasema muhogo wa nazi na papa, na kwamba asile peke yake.

Lile la karatasi bado. Sheha ametuita Jumatatu.